Kupanda basi London bila konda: mwongozo kamili kwa mgeni, tukitumia ruti namba 24

Huu mwongozo nauandika kwa anayekuja London kusoma, kikazi au kutembelea ndugu, na hata kwa aliyeshafika ila kila siku anakimbilia treni za chini ya ardhi kwa sababu mabasi anayaona magumu. Siyo magumu, ila yana kitu kimoja kinachotuchanganya sana watu wa kwetu: hakuna konda. Hebu fikiria konda anafanya kazi gani, anaita gari linaenda wapi, anapokea hela, anarudisha chenji, anakukumbusha kituo, ukimuuliza anakwambia ushukie wapi uunganishe gari jingine. London kazi zote hizo kaachiwa abiria. Makonda walikuwepo miaka na miaka, yale mabasi ya zamani ya Routemaster yaliyokuwa nao yakaondolewa kwenye ruti za kawaida Desemba 2005, na saivi dereva yuko nyuma ya kioo, hashiki hela, haiti mtu, yeye anaendesha tu.

Kingine cha kujua mapema, usijaribu kujifunza mabasi yote ya mji. Ruti zipo zaidi ya 600, utachoka bure. Chagua moja inayopita karibu na unapolala, ipande mwanzo mpaka mwisho siku ambayo huna haraka, ukishaishika hiyo moja nyingine zote zinafuata kwa sababu utaratibu ni uleule mji mzima. Mimi mfano wangu hapa ni namba 24. Inaanzia Pimlico kando ya mto Thames, inapita Victoria, Bungeni, Trafalgar Square, Leicester Square, Tottenham Court Road, Camden Town, inaishia Hampstead Heath kule kaskazini, na njia yake haijabadilika sana toka mwaka 1912. Kwa mgeni ni ruti nzuri mno, unauona mji wenyewe kwa nauli ya kawaida wakati wenzako wanalipa hela nyingi kwenye mabasi ya watalii.

Hatua ya 1: nauli, na hapa soma taratibu

Hela taslimu hazipokelewi kwenye basi toka Julai 2014. Hata ukiwa na sarafu kamili mkononi dereva hazichukui, hana pa kuziweka. Unalipa kwa moja ya hivi vitatu: kadi ya Oyster (hii ni kadi ya usafiri ya London, unaweka hela ndani inakatwa kila ukipanda), kadi ya benki ile ya kugusisha bila kuingiza namba ya siri, au simu yenye malipo ya kugusa.

Kama kadi yako ya benki ni ya nyumbani, kabla hujasafiri waulize benki vitu viwili. Inakubali malipo ya kugusa nje ya nchi? Na kila muamala wa nje wanakata makato kiasi gani? Kuna kadi zina alama ya mawimbi pale juu lakini benki imefunga matumizi ya nje, unakuja kugundua mlangoni watu wamepanga nyuma yako. Ukiona makato ni makubwa chukua Oyster, inauzwa kwenye vituo vya treni na kwenye maduka madogo ya mtaani yenye alama ya Oyster mlangoni. Kumbuka kwenye basi lenyewe huwezi kununua kadi wala kuongeza salio, hayo unayamaliza kabla.

Nauli ya mtu mzima iliwekwa pauni 1.75 Machi 2023 na hiyo ndo nitakayopigia hesabu hapa, huwa zinapitiwa upya kwa hiyo pita tovuti ya TfL (hao ndo mamlaka ya usafiri ya jiji) kabla hujapanga bajeti. Kizuri ni kwamba bei ni moja. Ukienda kituo kimoja au ukienda hadi mwisho wa ruti ni 1.75, asubuhi ya foleni au usiku wa manane ni 1.75. Kwenye treni sivyo, kule bei inategemea kanda na saa, ndo maana mtu wa bajeti ndogo basi linamfaa zaidi.

Afu kuna vitu viwili vya kuokoa hela ambavyo watu wengi hawavijui:

Cha kwanza, saa moja ya kubadilisha mabasi. Ukigusa kadi kwenye basi la kwanza, mabasi yote utakayopanda ndani ya saa moja toka mguso ule ni bure. Utaratibu huu ulianza Septemba 2016 kwa kubadilisha mara moja tu, toka Januari 2018 unabadilisha mara nyingi upendavyo. Mfano umegusa kwenye 24 pale Trafalgar Square saa tatu kamili asubuhi, ukashuka Camden, ukanunua ulichofuata, saa nne kasoro dakika tano ukagusa kwenye basi jingine: hilo la pili hulipi, hata kama litakufikisha saa nne na nusu. Kinachoangaliwa ni muda wa kupanda, siyo wa kushuka. Kwa hiyo ukiwa na kashughuli kafupi, ukijipanga vizuri unaenda na kurudi kwa nauli moja.

Cha pili, kuna kikomo cha siku. Kwa nauli hiyo ya 1.75 kikomo ni pauni 5.25, yani safari tatu, kuanzia ya nne ni bure mpaka siku iishe. Na siku yao haiishi saa sita usiku, inaanza saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa kumi na nusu alfajiri ya kesho yake, kwa hiyo anayetoka kazini usiku bado yuko kwenye kikomo cha jana. Kwa wiki kikomo ni pauni 24.70, na wiki inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili. Hakuna fomu wala kujiandikisha, mfumo unajumlisha wenyewe.

Ila hesabu zote hizo zinafanya kazi kama unagusa kitu KILEKILE kila mara. Kadi ya plastiki na simu iliyounganishwa na kadi hiyohiyo ni vitu viwili tofauti machoni pa mashine, asubuhi ukigusa kadi jioni ukigusa simu umeanza upya, hakuna kikomo hakuna saa moja. Na kadi moja ni mtu mmoja, huwezi kugusa mara mbili umlipie na rafiki yako, kila mtu na yake.

Watoto chini ya miaka 11 wanapanda basi bure. Wa 11 hadi 15 wanaoishi pale wanapanda bure wakiwa na kadi maalumu ya picha, na wageni wa umri huo wanaweza kuwekewa punguzo la nusu nauli kwenye Oyster kwa hadi siku 14, unaenda nao kituo cha treni mnaomba kwa mhudumu.

Hatua ya 2: kituo sahihi, siyo kituo tu

Hapa ndo wageni wanapotezea muda. Sehemu kubwa kama Trafalgar Square haina kituo kimoja, ina vituo vingi vimezunguka eneo lote, vyote vinaitwa Trafalgar Square, kinachotofautisha ni herufi. Ukiinua macho juu ya nguzo utaona kibao chenye lile duara maarufu lililokatwa na mstari katikati, na herufi ya kituo ipo hapohapo juu. Chini yake jina la kituo, mara nyingi na maneno ya "towards" yanayokuonyesha uelekeo, afu visanduku vya namba za ruti zinazosimama hapo. Kama namba yako haipo kwenye visanduku, basi lako halisimami hapo hata kama unaliona linapita mbele ya macho yako.

Kwa hiyo ukiulizia au ukitafuta kwenye simu, usiishie kwenye jina, tafuta herufi. Programu ya TfL, Google Maps na Citymapper zote zinakupa herufi pamoja na dakika zilizobaki basi kufika. Ukitoka Trafalgar Square kwenda Camden, 24 yako mbele imeandikwa Hampstead Heath. Ikiwa imeandikwa Pimlico hiyo inarudi kusini, namba ileile ila inakupeleka kinyume. Soma namba, soma na mwisho wa safari, viwili kwa pamoja, kila mara, hata ukishazoea.

Waliokulia Tanzania, Kenya au Uganda upande wa barabara hautawasumbua, magari yanapita kushoto kama nyumbani. Mnaotokea Kongo, Rwanda au Burundi kuweni makini zaidi, kituo unachokitegemea upande huu kipo ng'ambo, na kabla hujavuka angalia kulia kwanza.

Usibabaike na majina ya makampuni ubavuni mwa basi. Mabasi yanaendeshwa na makampuni binafsi kwa mkataba na TfL, lakini nauli, kadi na taratibu ni zilezile. Rangi yenyewe nyekundu ilianza 1907 wakati kampuni moja ilipopaka mabasi yake yote nyekundu yatofautiane na ya washindani, ikabaki hivyo mpaka leo.

Hatua ya 3: kulisimamisha na kupanda

Basi likikaribia nyoosha mkono. Kwenye kituo cha ruti nyingi dereva hajui wewe unasubiri lipi, ukikaa kwenye benchi unachezea simu anaweza kupita moja kwa moja na ana haki. Simama, sogea karibu na nguzo, mkono nje mapema, siyo likiwa limeshafika.

Foleni ya kituoni wakati mwingine haionekani kama foleni, watu wamesimama ovyo ovyo, ila kichwani kila mtu anajua nani kamtangulia. Hakuna kurukia mlango wala kusukumana. Wapishe wazee, wenye watoto na wenye viti vya magurudumu.

Kadi iwe mkononi kabla mlango haujafunguka. Unaingia mlango wa mbele, kuna mashine ya njano karibu na dereva, weka kadi bapa juu yake usiipitishe tu haraka, subiri taa ya kijani na mlio. Taa nyekundu maana yake haijakubali. Itoe kadi kwenye pochi, ukigusisha pochi nzima yenye kadi tatu mashine inaweza kukata kwenye kadi ambayo hukuikusudia. Salamu kwa dereva siyo lazima ila wengi wanasalimia, na ni jambo zuri.

Kwenye basi unagusa mara MOJA tu, wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka hugusi. Kwenye treni ni lazima uguse kuingia na kutoka, sasa watu wanachanganya hizi mbili wanaenda kutafuta mashine mlango wa kati, haipo, wewe shuka tu.

Oyster ikiwa imebaki na salio dogo lisilotosha nauli, mfumo unakuruhusu safari moja ya ziada, ila lazima uongeze hela kabla ya kupanda tena. Ni msaada mkubwa usiku wakati maduka yamefungwa, usiuzoee tu. Na usijaribu kupanda bila kulipa kwa kupitia mlango wa kushukia, kuna wakaguzi wanapanda ghafla na mashine zao wanacheki kadi ya kila mtu, faini toka Machi 2024 ni pauni 100, inashuka nusu ukilipa ndani ya siku 21. Hiyo ni hela ya mabasi ya wiki nne nzima kwa kile kikomo cha wiki.

Hatua ya 4: ndani ya basi

Mengi ni ya ghorofa. Ukiwa unaenda mbali panda juu, ukiwa unashuka karibu au una mizigo baki chini. Ngazi ni nyembamba na basi linaondoka wewe bado uko katikati ya ngazi, shika chuma kwa mkono mmoja muda wote, na kusimama juu hairuhusiwi, juu ni kukaa tu, pakijaa rudi chini. Viti vya mbele kabisa ghorofa ya juu ndo bora kuliko vyote. Kwenye 24 ukikaa pale unashuka na barabara ya Whitehall, ofisi za serikali pande zote, mnara wa saa wa Bunge unakuja mbele yako taratibu, hakuna nguzo ya kukuziba. Kwa siku yako ya kwanza kujifunza ruti kaa hapohapo.

Viti vya chini karibu na mlango ni vya wazee, wajawazito na wenye ulemavu, ukikaa uwe tayari kunyanyuka. Ile nafasi wazi katikati ni ya kiti cha magurudumu kwanza, kigari cha mtoto baadaye. Mwenye kiti cha magurudumu akija, wewe mwenye kigari unakikunja au unasogea. Hili siyo la hiari ya moyo tu, Mahakama ya Juu ya Uingereza Januari 2017 iliamua kwamba dereva haitoshi aombe mara moja afu aache, anatakiwa afanye jitihada zaidi nafasi ipatikane. Mabasi yote ya kawaida yana sakafu ya chini na ubao wa kupandishia kiti, na pale kwenye nafasi yao kuna kitufe cha buluu cha kumjulisha dereva kwamba anayeshuka anahitaji ubao.

Pombe imepigwa marufuku toka Juni 2008, hata chupa iliyofunguliwa tu. Muziki weka masikioni. Simu ongea ila siyo kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

Sauti ya kwenye spika ndo konda wako sasa. Inataja namba ya ruti na mwisho wa safari, afu kila kituo inataja jina la kinachofuata na maandishi yanatokea kwenye skrini. Ukiwa mgeni fanya hivi: kabla hujapanda jua jina la kituo chako na la kile KILICHO KABLA YAKE. Kwa anayeshukia Camden Town, akisikia Mornington Crescent anajua muda umefika, anafunga begi, anashuka ngazi. Ukisubiri mpaka usikie jina la kituo chako ukiwa juu mwisho kabisa na begi mgongoni umechelewa.

Wakati mwingine basi linasimama kituoni dakika moja au mbili halina sababu ya kuonekana, sauti inasema linasubiri ili kuweka sawa nafasi kati ya basi na basi. Ni kawaida, hujaharibikiwa. Wanafanya hivyo kwa sababu basi lililochelewa linakuta watu wengi zaidi kituoni, linazidi kuchelewa kwa kuwapakia, la nyuma yake linakuta watu wachache linalifikia, mwisho mnakaa dakika ishirini hamna basi afu yanakuja mawili kwa pamoja. Kulizuia moja kidogo kunapunguza hilo.

Hatua ya 5: kushuka na kuunganisha

Vitufe vyekundu viko kwenye vyuma kila mahali, juu na chini. Bonyeza mara moja baada ya kupita kituo kilicho kabla ya chako, kengele italia na taa ya kusimama itawaka mbele. Ikiwa imeshawaka usibonyeze tena, mwenzako kashabonyeza. Usipige kelele kumwita dereva, bonyeza tu. Unashukia mlango wa kati, na kabla ya kuweka mguu chini chungulia kushoto kwako kama kuna baiskeli, njia zao zimepita nyuma ya baadhi ya vituo.

Kuunganisha ni kurudia hatua ya 2: jina, herufi, namba, uelekeo. Kituo cha pili mara nyingi siyo ulipo, ni kona ya pili au ng'ambo ya barabara, kwa hiyo weka dakika tano za kutembea kwenye mahesabu yako ya ile saa moja.

Usiku

Treni nyingi zinafunga baada ya saa sita usiku, baadhi ya laini zinakesha Ijumaa na Jumamosi tu toka 2016, kwa hiyo usiku London inabebwa na mabasi. Baadhi ya ruti za mchana zinaendelea saa 24, nyingine ni za usiku tu zenye herufi N mbele. Sasa angalia sana hapa, N na namba haimaanishi njia ileile ya mchana. Basi namba 9 linatoka Aldwych linaishia Hammersmith, N9 linaendelea mpaka uwanja wa ndege wa Heathrow. Ukisinzia kwenye N9 ukidhani litaishia Hammersmith utaamkia kwenye ndege. Nauli ni ileile ya mchana. Ukiwa peke yako kaa chini karibu na dereva, na weka simu chaji ya kutosha kuangalia muda wa basi kabla hujatoka ndani, kwa sababu usiku mabasi hayaji mfululizo kama mchana na baridi ya kituoni siyo mchezo.

Zile zenye SL ni Superloop, zilizinduliwa 2023, nyingi zinazunguka maeneo ya pembeni ya mji, na zinasimama vituo vichache. Zinaenda haraka zaidi na nauli ni ya kawaida.

Mambo yakiharibika

Kituo kikiwa kimefungwa utakuta kibao kimefunikwa na tangazo limebandikwa, linasema kituo cha karibu ni kipi. Lisome usikae kusubiri. Barabara ikiwa na ujenzi au maandamano ruti inachepushwa, na eneo la Bunge na Whitehall ambako 24 inapita maandamano ni mengi, kwa hiyo siku ya Jumamosi cheki programu kabla ya kutoka.

Linaloshtua wageni zaidi ni basi kukatishwa njiani, sauti inatangaza kwamba mwisho wa safari umebadilika na watu wote wanashuka. Usigombane na dereva, ameagizwa kwa redio. Panda linalofuata la namba hiyohiyo, kama bado uko ndani ya ile saa moja hukatwi chochote, kama imepita ongea na dereva kabla hujashuka.

Na zoea hili, ukishakaa tu kwenye kiti piga picha ya ile namba ndogo ya basi iliyoandikwa ndani au plate yake ukiwa bado kituoni. Ukisahau begi, siyo namba ya ruti pekee itakayokusaidia, mabasi ya 24 yako mengi barabarani saa hiyohiyo. Fomu ya vitu vilivyopotea iko kwenye tovuti ya TfL, jaza siku hiyohiyo, andika ruti, saa, uelekeo, ulikaa juu au chini, na begi lenyewe lilivyo mpaka rangi ya zipu.